Ufa chini ya taa: mara ya nne umeshika

Umeshika! Leo siku ya 6, na maji ya bwawa langu la kuogelea yanashuka sawasawa na ya kwenye ndoo. Wiki tatu zilizopita bwawa lilipoteza sentimita 3 kwa siku, ndoo ya maji niliyoisimamisha ngazini, kupima yanayokauka kwa jua na upepo, ikipoteza nusu sentimita tu. Kwa bwawa la mita 8 kwa 4, tofauti hiyo ni lita 800 zinazomezwa na mchanga kila siku, na hapa Kigamboni maji nanunua kwa boza.

Kuupata ufa hakukunisumbua. Nilizima pampu, maji yakatulia, nikadondosha rangi ya chakula kwa bomba la sindano. Chini ya taa ya bwawa, rangi ikanyooka kama uzi, ikavutwa ndani ya ufa.

Kuuziba ndiko kulikonitoa jasho. Mara ya kwanza nilipanua ufa kwa grainda, umbo la V, nikajaza saruji ya kuzibia uvujaji, ile inayoganda kwa dakika 3 hadi 5. Kesho yake kipande kizima kikatoka kama kabari, maana mdomo mpana hauna cha kukishikilia. Mara ya pili nikachonga kwa tindo, ndani pana kuliko mdomoni. Ikashika usiku mmoja. Mara ya tatu nikachuchumaa na tochi nisibanduke, ndipo nikaona tone la maji likichungulia katikati ya saruji mbichi, likaacha kitundu cha sindano. Maji yalikuwa yanakuja kutoka nyuma ya ukuta! Masika imejaza ardhi, na mimi nilikuwa nimeteremsha maji ya bwawa hadi chini ya ufa, hivyo ya nje yakawa yanasukuma kuingia. Siku tatu za kazi zimekwenda hivyo, nililala na hasira.

Fundi wa visima aliyekuja kutazama pampu akaniambia, "Kaka, yape njia kwanza, mlango funga mwisho."

Nikatoboa tundu mwisho wa chini wa ufa, nikachomeka mpira wa dripu. Maji yote yakahamia huko. Nikajaza kutoka juu kushuka, kila tonge nikilikandamiza kwa gumba la glovu mpaka nisikie joto lake. Kesho yake nikachomoa mpira, nikasokota tonge la mwisho kama pia ya kuchezea, nikalisukuma na kuhesabu hadi 240 bila kuondoa mkono. Kavu!

Juu yake lipu ya simenti nyeupe na unga wa marumaru. Tumieni mwiko wa plastiki. Wa chuma ukisugua sana unaacha weusi.

Nilipanga wikendi hii niondoe madoa ya ukutani kwa asidi. Yatasubiri. Nachimba shimo kando ya bwawa, nitazamishe bomba la inchi 2 lenye matundu, nipime maji ya ardhini kabla sijapunguza tena ya bwawa, maana bwawa likiwa tupu, maji hayo ya ardhini yanaweza kulinyanyua zima. Nimefika mita 1.4. Mchanga umeanza kulowa.