Sekunde 30 za kwanza ukishika maiki

Anayetetemeka mbele ya watu huambiwa "jiamini tu". Ushauri huo ni bure kabisa. Mwili umeshamwaga adrenalini: moyo unakimbia, mdomo unakauka, pumzi zinakuwa fupi na sauti inapanda. Hali hiyo huwa kali mwanzoni, kisha kwa wengi hutulia yenyewe kadiri wanavyoendelea kusema. Kazi, basi, ni kuvuka zile sekunde 30 za kwanza.

Sentensi mbili za kufungulia zikariri neno kwa neno, na ya kufungia vilevile. Katikati weka hoja tu, tatu zinatosha. Anayekariri hotuba nzima akipotewa na neno moja hukwama, kwa kuwa kila sentensi imening'inia kwenye iliyotangulia. Hoja ziandike kwenye kadi ngumu za ukubwa wa kiganja, uzipe namba. Karatasi ya A4 hupepea, na ukumbi mzima unaona mkono unavyotetemeka.

Kwenye sherehe na mikutano yetu kuna mtego wa itifaki. Mtu anaanza kutaja meza kuu, anaruka cheo cha diwani, anarudi kuomba radhi, na jasho linaanza hapo hapo. Muulize mshereheshaji mapema. Kama waliokutangulia wameshawataja wote, mtaje mgeni rasmi peke yake, sema "itifaki imezingatiwa", uingie kwenye mada.

Maiki nayo huwaangusha wengi wasio na kosa lolote. Ishike kwenye mpini, umbali wa kama ngumi moja kutoka mdomoni. Ukifumbata kichwa chake, au ukipita mbele ya spika, inapiga mluzi: sauti inayotoka kwenye spika inarudi kwenye maiki na kuzunguka. Usiipulize wala kuigongagonga. Mwache fundi aijaribu.

Kabla hujaitwa, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, toa taratibu hadi 6, mara tano. Kunywa maji. Soda iache, gesi yake itakuumbua.

Ujasiri wa kudumu hutokana na idadi ya mara ulizosimama. Vilabu vya Toastmasters, ambako watu hukutana kujizoeza kuhutubia, vilivyoanzia California mwaka 1924, vimejengwa juu ya wazo hilo: hotuba ya kawaida ni dakika 5 hadi 7, taa ya kijani, njano na nyekundu inakuonyesha muda, na kuna mtu kazi yake ni kuhesabu "aaa" zako. Nairobi na Dar es Salaam vipo. Kama ulipo hakuna, watu watatu na simu moja mnatosha: dakika mbili kila mmoja, mara moja kwa wiki. Rekodi, sikiliza, hesabu "yaani" na "kwa hiyo" zako. (Kusikia sauti yako mwenyewe kunaudhi mara za mwanzo, vumilia.)

Wengi huacha baada ya hotuba moja kuharibika, na hapo woga hukomaa, kwa kuwa kumbukumbu ya mwisho inabaki kuwa ile ya aibu. Tafuta nafasi nyingine ndani ya wiki mbili, na iwe ndogo: kusoma muhtasari kwenye kikao cha kikoba, kutoa shukrani kwenye mkutano wa wazazi. Chagua kosa moja tu la kurekebisha siku hiyo, labda kasi. Ukiwa umerekodi hotuba iliyopita, unajua pa kuanzia.