Kutoka Mechi ya Alfajiri Hadi Lugogo: Siku Moja ya Kocha wa Masenta Kampala

Saa 11:00 alfajiri

Siku yangu huanza na mechi za Phoenix Suns, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kwa sababu huko anacheza Khaman Maluach, senta (mchezaji mrefu wa karibu na kikapu) aliyekulia Kampala. Phoenix iko nyuma ya Kampala kwa saa 10, na Arizona haisogezi saa zake majira yakibadilika, kwa hiyo hesabu hii ni ileile mwaka mzima. Suns wakicheza nyumbani saa 1 jioni ya kwao, huku ni saa 11 alfajiri. Wakiwa pwani ya mashariki ya Marekani, mechi ya saa 1:30 jioni inatuangukia saa 9:30 usiku wakati wa baridi yao. Hizo natazama marudio, kwa sababu kocha asiyelala hasahihishi miguu ya mtu vizuri. Picha naiteremsha hadi ubora wa chini ili bando lifike robo ya nne.

Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006, akakulia hapa Kawempe, akaanza mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 13, tena kwa Crocs kwa kuwa viatu vya namba yake havikupatikana. Mwaka 2021 alikwenda Saly, Senegal, kwenye akademia ya NBA. Mwaka 2024 alivaa jezi ya City Oilers, klabu ya Kampala, kwenye BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, na miezi michache baadaye akawa Olimpiki na Sudan Kusini. Akapita msimu mmoja chuo kikuu cha Duke, Marekani, kisha Juni 2025 NBA ilipochagua wachezaji wapya akawa chaguo la 10, lililofika Phoenix kupitia mabadilishano yaleyale ya wachezaji yaliyompeleka nyota Kevin Durant timu ya Houston. Bendera anayoichezea ni ya Sudan Kusini, lakini zege alilojifunzia kudundisha mpira ni la Kampala, ndiyo maana mji huu unaamka naye.

Daftari langu lina safu nne, na hakuna safu ya pointi. Ya kwanza ni skrini, yaani kusimama kama ukuta ili mlinzi wa mwenzako akwame: je, alisimama imara hadi mlinzi akamgonga, au aliondoka kabla? Ya pili ni kurudi nyuma, yaani alikuwa umbali gani na kikapu pale mwenye mpira alipozunguka skrini. Ya tatu ni mikono juu bila faulo. Ya nne ni kumzuia mtu kwa nyonga kabla ya kutafuta ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu.

Safu hiyo ya nne ina sababu yake. Tarehe 5 Aprili 2025, Duke walipotolewa na Chuo Kikuu cha Houston 70-67 katika nusu fainali ya vyuo, Maluach alicheza dakika 21 bila ribaundi hata moja. Mtu ambaye akinyoosha mikono pande zote mbili anafika mita 2.30! Urefu haukumsaidia kwa sababu wapinzani waliufikia mwili wake kabla mpira haujafika kwenye ringi. Walimwekea nyonga chini ya nyonga yake, wakamsukuma hatua moja chini ya kikapu, na senta aliye chini kabisa ya kikapu hupata tu mpira unaopita katikati ya wavu. Kwa hiyo nikiona mara sita katika mechi amemtafuta mtu kwanza na mpira baadaye, siku yangu imeanza vizuri hata kama hakufunga.

Saa 1:00 asubuhi

Uwanja unafagiliwa kabla ya kitu kingine chochote. Changarawe ndogo juu ya zege ni mbaya kuliko maji, maana maji unayaona. Mipira naipima ukutani: alama ya chaki kwenye mita 1.80, unauachia mpira, unapaswa kurudi hadi karibu mita 1.30. Ule unaoruka zaidi ya hapo unawafundisha vijana ribaundi za uongo, na ule uliolegea unawachosha viwiko.

Halafu viatu. Vijana wa mita 2 na kuendelea wanavaa namba 48 hadi 51, na soko la Owino ndipo vinapopatikana, kimoja kimoja, siku za bahati. Usitazame ngozi ya juu. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao imekufa, na kila mruko utaishia gotini. Kikunje kiatu. Kinapaswa kukunjika penye vidole, si katikati ya wayo. Kisha vuta ukingo wa soli pale mbele, kwa sababu gundi iliyokaa miaka kwenye boksi huachia ndani ya wiki moja ya zege letu.

Saa 2:00 asubuhi

Magoti. Kijana aliyerefuka sentimita nyingi kwa muda mfupi ana mifupa iliyotangulia na kano zilizobaki nyuma zinavutwa, ndiyo maana wengi wanashika pale chini ya kifuniko cha goti wakishuka ngazi. Tunaanza na kukaa ukutani bila kiti, sekunde 45, mara 5, mapumziko dakika 2 katikati. Hakuna kuruka hapo, kano inabeba mzigo tu bila kushtuliwa. Kisha kunyanyuka kwa vidole vya mguu mmoja, 3 kwa 12. Miruko yote ya siku kwenye zege siiruhusu ipite 60, na naihesabu mwenyewe, kwa kuwa kijana anayetaka kwenda Marekani hatakuambia goti linauma hadi awe anachechemea.

Saa 4:00 asubuhi

Hili ndilo somo kubwa la siku, na ndilo litakaloamua pia maisha ya Maluach kule: kulinda mchezo wa skrini.

Nachora mistari miwili ya chaki. Mmoja uko hatua moja chini ya mstari wa faulo, mwingine kwenye ukingo wa nusu duara iliyo chini ya kikapu. Senta anaishi kati ya mistari hiyo. Skrini inapokuja, kazi yake ya kwanza ni mdomo. Anaita upande, "Kushoto! Kushoto!", kabla mwenzake hajagongwa, kwani mwenzake hana macho kisogoni. Akichelewa kuita kwa nusu sekunde, gadi, yule mlinzi mfupi wa mwenye mpira, anagonga ukuta na senta anabaki peke yake dhidi ya watu wawili.

Kazi ya pili ni miguu. Kifua kinamwelekea mwenye mpira, lakini mguu mmoja uko nyuma kidogo ili yule aliyeweka skrini, ambaye sasa anakimbilia kikapu, asimpite mgongoni. Magoti yamekunjwa kiasi kwamba kichwa chake kinalingana na cha gadi mrefu. Mkono mmoja chini unafunga njia ya pasi ya kudundisha, mmoja juu unafunga ile ya kurushwa hewani. Kisha anarudi kwa kuteleza, bila kuvusha mguu mmoja juu ya mwingine, kwa mwendo uleule wa anayekimbilia kikapu, hadi mwenye mpira aushike kwa mikono miwili. Hapo ndipo anaamua.

Makosa ni yaleyale kila wiki. Kijana anasimama wima akisubiri, na mtu aliyesimama wima lazima ashuke kwanza kabla ya kwenda popote, kwa hiyo hatua yake ya kwanza inapotea. Mwingine anaogopa kupitwa, anarudi hadi chini ya kikapu, na kumpa gadi wa wapinzani mtupo rahisi wa mita tatu usio na mtu mbele. Lakini kosa linalowaumiza warefu zaidi ni kuruka mapema. Maluach alipopimwa kabla ya kuchaguliwa, akiwa bila viatu mkono wake ulifika karibu mita 2.90. Ringi iko mita 3.05. Amebakiza sentimita 15 tu! Mtu wa namna hiyo hana haja ya kurukia mpira unaotingishwa kumdanganya. Akibaki chini na mikono wima, mfungaji ndiye anayelazimika kubadili mpira hewani. Naweka kijana chini ya kikapu, mikono juu, mgongo wa viganja ukimwelekea refa wa kufikirika, na gadi anamjia kifuani mara kumi. Anaruka wima na kutua pale pale. Vidole vyake vikitua mbele ya alama ya chaki, hiyo ni faulo, tunarudia.

Seti 4 za mara 6, dakika moja na nusu kupumzika. Baada ya seti ya tatu magoti yananyooka yenyewe kwa uchovu, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Saa 7:00 mchana

Chakula. Kijana wa kilo 85 anayejenga mwili anahitaji kama gramu 136 za protini kwa siku, na posho, yaani ugali, peke yake haifiki. Rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, ikiwa na mayai matatu inampa gramu 18 kutoka kwenye mayai, kikomando, chapati ya kukatwakatwa, kinaongeza maharage, maziwa nusu lita kama gramu 16. Mukene, dagaa wa ziwani, ndiyo mkombozi wa mfuko mdogo, na anayekataa kwa sababu ya harufu achanganyiwe kwenye mchuzi wa karanga. Poda za madukani siziagizi kwa mtu ambaye hajamaliza sahani ya maharage.

Saa 9:00 alasiri

Nikielekea mazoezi ya jioni napita steji ya boda boda, na pale ndipo matumaini ya mji yanakaa. Swali ni moja: "Kocha, mbona wanamweka benchi mtoto wetu?"

Ninawajibu kwa urefu, kwa sababu wanastahili jibu. Kwanza, mbele yake kuna Mark Williams, senta wa kimo kama chake aliyetoka Duke pia, mwenye misimu kadhaa miguuni. Pili, kanuni alizokulia si zile anazochezea sasa. Katika mechi za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mpira ukishagusa ringi unaweza kuupangua juu yake. NBA ukifanya hivyo mpinzani anapewa kikapu. FIBA na vyuoni senta wa ulinzi anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu atakavyo. NBA akikaa zaidi ya sekunde 3 bila kumlinda mtu wa karibu, mpinzani anapiga mpira wa adhabu na kubaki na mpira. Eneo lenyewe ni pana pia: mita 3.66 vyuoni, mita 4.88 NBA. Ina maana Maluach anapaswa kuhesabu kichwani, kutoka, kuingia, kutoka tena, huku gadi mwenye kasi kuliko wote aliowahi kuwaona akimjia. Mwili unayajua mazoea ya zamani. Kuyafuta kunataka mechi nyingi, na ndiyo maana kuna Valley Suns, timu ya maendeleo, ambako kijana anaweza kukosea dakika 30 bila kuikosesha timu kubwa ushindi.

Kisha nawatajia Rudy Gobert, senta mwingine wa NBA. Alichaguliwa wa 27 mwaka 2013. Msimu wa kwanza alicheza mechi 45, chini ya dakika 10 kila moja, pointi 2.3. Naye alipelekwa timu ya maendeleo. Leo ana tuzo nne za mlinzi bora wa ligi: 2018, 2019, 2021 na 2024. Simaanishi Maluach atafika huko. Ninawaomba wasimpime kwa dakika za mwaka wa kwanza, maana senta ndiye mchezaji anayechelewa kuiva kuliko wote. Gadi analinda mtu mmoja. Senta analinda makosa ya watu wanne.

Kuna kitu kimoja kinachonipa moyo kuliko danki zake zote. Duke alipiga mipira ya adhabu kwa asilimia 76. Mtu mrefu hivyo mwenye kiganja tulivu namna hiyo ana mkono unaofundishika, na mkono wa mipira ya adhabu ndio unaohamia taratibu hadi kona ya pointi tatu.

Saa 11:00 jioni

Wadogo, miaka 12 hadi 15. Zoezi ni lile la George Mikan: chini ya kikapu, kulia kwa mkono wa kulia ukiruka kwa mguu wa kushoto, unaupokea mpira ukitoka wavuni, unahamia kushoto. Sekunde 30, mara 3. Mpira haushuki chini ya kidevu. Ukishuka hadi kiunoni, gadi mfupi anauchukua, na urefu wote ule umekuwa bure. Ninasimama pembeni na fimbo ya fagio iliyolazwa usawa wa kidevu cha mtoto. Mpira ukiigusa, tunaanza upya.

Saa 1:00 usiku

Siku za ligi nawapeleka wawili watatu Lugogo, ukumbi wa MTN Arena. Tunakaa nyuma ya kikapu, si ubavuni ambako kila mtu anataka kukaa, kwa sababu kutoka nyuma ya kikapu unaona miguu ya senta na pengo kati yake na mtu wake. Kila kijana anapewa senta mmoja na karatasi yenye safu zilezile nne. Haruhusiwi kufuata mpira kwa robo nzima ya dakika 10. Ni vigumu sana: uwanja mzima unapiga kelele na yeye anatazama visigino vya mtu asiye na mpira. Kufikia robo ya tatu huanza kuniambia mwenyewe, kabla sijasema, "Kocha, huyu amechelewa kuita."

Saa 4:00 usiku

Karatasi zao nazinakili kwenye daftari karibu na zile za alfajiri. Kijana mmoja ameandika skrini 11, kati ya hizo 4 senta aliondoka kabla hajagongwa. Ni kosa lilelile nililoliandika kwa Maluach mara mbili alfajiri. Kesho tutaanza na hilo, miguu upana wa mabega, mikono imefungwa kifuani, usiondoke hadi uhisi bega la mtu. Suns wako ugenini mashariki, mechi inaanza saa 9:30 usiku. Nitatazama marudio saa 11.