Wamezaliwa Pale au Wamehamia?

Sisi watu wa Mombasa samaki twamjua akishakufa. Twamjua mezani pa mchuuzi, matamvua yamefunuliwa tuone kama bado ni mekundu, macho yamekaa vyema au yameingia ndani. Changu wa kupaka namjua, kolekole wa kukaanga namjua. Lakini chewa aliye kwake, hana haraka wala hana habari na mtu, nimekuja kumwona juzi.

Kwake ni MV Dania. Ilikuwa meli ya kubebea mifugo, na mwaka 2002 ikazamishwa makusudi pwani ya kaskazini ya Mombasa ili samaki wapate makao na wazamiaji wapate pa kwenda. Iko mchangani, kina cha mita 30 hivi. Tulingoja maji mafu, kwa sababu bamvua, yale maji makubwa, likivuta, mkondo hukuchosha na maji huchafuka. Tukashuka kwa kamba ya boya, nabana pua na kupuliza ili masikio yasiume. Ya kushuka sina mengi.

Meli yenyewe ndiyo ya kusimulia. Chuma hakionekani tena kama chuma. Kila upande umeota kitu: sponji, matumbawe machanga, chaza waliong'ang'ania reli za sitaha. Mwanzoni niliona kila kitu ni cha rangi ya udongo, nikasema moyoni, ndiyo hii waliyoisifu? Kiongozi wetu akawasha tochi, na lile la udongo likawa jekundu la kung'aa. Maji ndiyo humeza wekundu wa jua kabla haujafika chini. Tangu hapo sikumwachia tochi yake.

Ndani ya bomba moja alikuwamo mkunga, kichwa nje, mdomo unafunguka na kufumba. Watu humwogopa kwa hilo, kumbe ndivyo anavyopumua. Kisamaki cha buluu chenye mstari mweusi kiliingia kinywani mwake, kikachokoachokoa kwenye meno, kikatoka kwa raha zake. Mkunga hakumfumbia. Nilikaa pale mpaka kiongozi akanigonga bega na kunionyesha kipimo cha hewa. Mita 20 chini, kila pumzi inakula hewa mara tatu ya ile ya juu, na mimi nilikuwa nikihema kama niliyekimbizwa.

Jioni nikapita kwa mjomba, ambaye amevua tangu ujana wake. Nikamwamkia, nikamwaga habari zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hao samaki wamezaliwa pale, ama wamehamia?"

Nikanyamaza. Akaendelea: hata dema, huu mtego wetu wa samaki, ukilitupa penye mchanga mtupu, kesho utakuta samaki. Dema halizai, linakusanya. Meli nayo ni dema kubwa lisilovuliwa.

Hoja yake ina uzito, na hata wataalamu wa bahari wanabishana juu yake: meli iliyozamishwa inaongeza samaki, au inawatoa kwingine tu na kuwaweka mahali pamoja? Na mjomba haongei kwa wivu. Mwaka 1998 maji yalipopata moto kwa El Niño, matumbawe ya pwani yetu yaligeuka meupe na mengi yakafa. Mwamba uliopoteza makao unaweza kupoteza wakazi pia.

Lakini mimi nilikuwa na jibu. Nilimwambia habari za wale wadogo, wa ukubwa wa ukucha, waliojaa kwenye tundu za sitaha. Hao hawakuogelea kutoka mwambani. Mayai ya chewa huelea, vitoto vinachukuliwa na mkondo, na visipopata pa kujificha vinaliwa. Kwa hiyo hata chewa wa mwambani si mzaliwa wa pale, naye aliletwa na maji. Dania imewapa hao wadogo mlango wa kuingilia, na mahali pasipo mlango hawangekuwapo kabisa.

Mjomba akacheka, akasogeza kikombe chake cha kahawa. "Haya, wadogo ni wa Dania, nimekuachia. Na yule chewa wako mkubwa?"

Nikamwambia urefu wake, kwa mkono.

"Huyo alihama mwambani," akasema. "Huyo nawadai."