Usisaini barua ya mzungu kabla hujaona bajeti

Msimu umeanza tena wadau, vyuo vya Ulaya na Marekani vinatangaza zile hela za mbegu kwa wahadhiri wao wakatafute washirika nje, na sisi huku Bagamoyo imeili zimeshaanza kumiminika, habari ndugu mtafiti, tunaomba barua ya ushirikiano, dedilaini Ijumaa. Ijumaa yenyewe keshokutwa! Yaani mtu hujawahi hata kuongea naye kwenye simu anataka barua yenye nembo ya taasisi na saini ya bosi, na bosi mwenyewe yuko kikaoni Dodoma.

Kwa wasiozijua, hizi hela si nyingi kivile. Chuo kinampa mtu wake kianzio cha mwaka mmoja au miwili, mtembeleane, mfanye warsha, mkusanye data kidogo za majaribio halafu mkaombe ruzuku kubwa kwa wafadhili wengine. Mara nyingi hazilipi mishahara wala vifaa vya bei mbaya, na muombaji mkuu anatakiwa awe mwajiriwa wa chuo kile, kwa hiyo wewe wa huku unaingia kama mshirika, na hapo sasa ndo uangalie, maana kuna mshirika anayefanya kazi na kuna mshirika wa kupamba andiko.

Mimi sisaini kitu bila kuiona bajeti. Kwenye ukurasa wa kwanza wote wanaandika usawa, usawa, usawa, ila nenda kwenye jedwali la pesa. Nilishaletewa moja lina tiketi za ndege, hoteli Dar, bima, chai ya warsha, kila kitu kimepangwa vizuri, halafu upande wetu kuna mstari mmoja chini kabisa umeandikwa gharama za uwanjani, na hela yenyewe haitoshi hata mafuta ya kwenda Mlingotini wiki mbili, achilia mbali posho ya msaidizi. Nikawaongezea mistari yangu nikawarudishia na wakakubali karibu yote bila kelele, kwa hiyo usiogope kusema, wengi wao hawana roho mbaya, hawajui tu kazi ya huku inakula nini.

Na kuna mambo mshirika wa kule hawezi kuyajua hata akiwa profesa. Sisi tunafanya mwani, na kina mama wa mwani wanaingia shambani wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ikitoka mbali ndo unawaona wameinama na kamba zao, maji magotini. Ukija wiki ya maji mafu, bahari isipotoka mbali, utapiga picha za bahari urudi kwenu. Sasa mwenzako anapanga safari kwa kuangalia likizo ya chuo chake tu! Tarehe za safari aziandike mtu wa huku, basi. Tena mwani unavunwa baada ya wiki sita hivi, ziara ya siku kumi haioni kupanda na kuvuna, bora tiketi ya pili ifutwe, hiyo hela alipwe kijana wa hapa hapa awe anapima joto la maji kila bamvua.

Swali la utafiti nalo lisije limeshapikwa. Kuna aina mbili za mwani tunazolima, kotonii na spinosamu, na kotonii ina bei zaidi ila joto likizidi kwenye maji mafupi inapauka inakatika, kila mkulima anakuambia hilo, dawa mojawapo ni kupanda kwenye kina, lakini kwenye kina unahitaji chombo na kina mama wengi hawajui kuogelea. Hilo swali limetoka ufukweni, na ndilo liingie kwenye andiko.

Halafu vibali jamani. Mgeni anayekuja kutafiti lazima awe na kibali cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, akae na kibali cha ukaazi, utafiti wa afya za watu unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, sampuli zikitoka nje ya nchi zina mkataba wake. Mwaka wa hela unaanza kuhesabiwa kule siku wanayosaini, kibali kitoke kisitoke. Sisi miezi ya mwanzo tunaweka vikao vya mtandaoni na kazi ambazo watu wa hapa wanaweza kuzianza bila mgeni.

Kamati za vyuo zina haraka sana, sijui kwa nini. Mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy wa Basel, alifika Ifakara kule Morogoro 1949, maabara ya utafiti ikajengwa 1957, ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, leo ina tawi hapa Bagamoyo na mji huu pamoja na Korogwe ilikuwa kwenye majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo WHO iliipitisha 2021. Sasa mtu anataka matokeo ya ushirikiano ndani ya miezi kumi na mbili! Ila ndo wanavyotaka, kwa hiyo usiwaandikie "tutatafuta fedha zaidi", taja mfuko gani, dirisha linafunguliwa lini, na nani ataandika.

Andiko la kwetu limeondoka juzi, lina mstari wa kukodi boti na mwingine wa kumlipa mwalimu wa kuogelea. Mwenzangu wa kule kaulizwa na ofisi yao ya fedha huyo mwalimu anahusianaje na utafiti, nimemtumia aya mbili za maelezo, tunasubiri.