Kopo la dawa za mama

Nimerudi Dar jana jioni. Mama amebaki Tanga na mdogo wangu, na usiku wa kuamkia leo nimelala mpaka asubuhi kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani.

Mama ana miaka 74. Presha anayo tangu mimi nasoma sekondari, sukari ikaja baadaye, magoti yakafuatia. Dawa zake huziweka kwenye kopo la Blue Band juu ya friji. Nyingine zimo kwenye pakiti zake, nyingine kwenye vibahasha vya karatasi vilivyoandikwa 1x2 kwa kalamu, wino umeshafifia. Cha kumeza nusu hukikata kwa wembe juu ya kisosi, na unga unaobaki anaulamba kidoleni, maana dawa haitupwi.

Mwezi ule alifunga bila kutuambia. Daku akameza vidonge vyote kama siku zote. Alasiri mdogo wangu akamkuta kitandani, kanga imelowa jasho, anatetemeka, anamwita marehemu shangazi. Jirani akashauri aitwe shekhe aje amsomee. Mdogo wangu, Mungu amlipe, akakimbilia mashine ya sukari kwanza: 2.6, imeshuka mno. Akamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo, wakaita bajaji. Hospitali walimlaza siku mbili, kwa sababu glibenklamidi, dawa yake ya sukari, hukaa mwilini muda mrefu. Mtu huzinduka vizuri, halafu sukari ikashuka tena usiku.

Aliyetufumbua macho ni mfamasia wa wodini, binti mdogo tu. Alituambia tulete kila kitu anachomeza mama, hata dawa ya kienyeji. Akamimina kopo mezani, akahesabu aina kumi na moja.

"Shikamoo mama. Hii ya magoti nani kakupa?"

"Marahaba. Nanunua mwenyewe dukani, mwanangu. Hiyo si ya ugonjwa, ya maumivu tu."

Ilikuwa diklofenaki, na amekuwa akiimeza karibu kila siku. Binti akatuchorea mishale nyuma ya karatasi ya vipimo. Diklofenaki inapandisha presha. Presha ilipopanda, kliniki wakamwongezea amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10. Amlodipini ikamvimbisha miguu. Miguu ilipovimba akaandikiwa furosemidi ya kukojoza maji, na kibahasha kimeandikwa 1x2, kwa hiyo cha pili anakimeza akienda kulala. Ndiyo maana alikuwa anaamka mara nne usiku kwenda chooni, anashika ukuta kwa kizunguzungu. Na losartani, dawa nyingine ya presha, anayo pia. Diklofenaki, losartani na dawa ya kukojoza zikikutana kwa mtu mzima, figo zinaumia. Figo zikichoka, glibenklamidi haitoki mwilini upesi. Ongeza na saumu.

Niliitazama ile karatasi muda mrefu. Dawa mbili zilikuwa zinatibu madhara ya dawa nyingine, na sisi tukidhani mama anazeeka.

Siwalaumu madaktari. Kliniki ya presha ni siku yake, ya sukari siku yake, kila moja na daftari lake, na foleni unaijua. Linaloniuma ni langu. Nimetuma hela ya dawa kila mwezi kwa miaka, nikapiga simu kuuliza, "Mama, umemeza dawa?" Sijawahi kuuliza dawa gani. Tena orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba glibenklamidi haiwafai waliozidi miaka 60.

Daktari alipunguza kwa hatua, wiki kwa wiki, huku akipima presha, sukari na figo. Sisi wenyewe hatukuthubutu kuacha hata kimoja. Diklofenaki imetoka, sasa ni parasetamoli na mazoezi ya magoti. Amlodipini imerudi 5, miguu imenywea, furosemidi ikaondolewa. Glibenklamidi imebadilishwa kuwa gliklazidi, dawa nyingine ya sukari. Zimebaki sita, na daftari ni moja.

Kazi kubwa ilikuwa mama mwenyewe. "Mbona wananipunguzia? Wameona safari yangu imefika?" Alilia. Nikamshika mkono, nikamweleza mshale mmoja mmoja, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwake yeye, kuongezewa dawa ndiko kujaliwa, na nadhani wazee wengi wanaona hivyo.

Leo asubuhi kapiga simu mwenyewe. Kaamka usiku mara moja tu, na hakushika ukuta.