Usiku wa Guava mbili

Mwaka 2017 nilikuwa na projekti ya Java, tunabildi na Maven, chombo kinacholeta laibrari unazozitaja pamoja na zile zinazozitegemea zenyewe, na kesho yake asubuhi ilitakiwa ikabidhiwe. Jioni nikaongeza laibrari moja tu kwenye pom.xml, lile faili la kuiambia Maven unataka nini, mistari mitano hivi, nikabildi, ikapita bila neno. Kuiwasha, ikaanguka hapo hapo: NoClassDefFoundError, yaani klasi haionekani, eti MoreObjects ya Guava, laibrari ya Java ya Google, haipo. Sasa mimi Guava sijawahi kuiita popote kwenye kodi yangu, na ndio maana kompaila ilinyamaza, wanaoiita ni laibrari zenyewe kwa zenyewe na zile zinakuja zikiwa zimeshakompailiwa, kwa hiyo ugomvi wao unausikia programu ikishaanza kutembea.

Nikafuta folda zima la .m2, Maven inamoweka laibrari ilizoshusha, nikadaunlodi kila kitu upya. Saa nzima imeenda. Kosa lile lile.

Usiku huo nikampigia kaka mmoja aliyenitangulia kazini, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mdogo wangu, acha kufuta. Mti umeutazama?" Nikaandika mvn dependency:tree -Dverbose, amri inayochora mti wa laibrari ipi imeleta ipi, tukaanza kuusoma pamoja kwenye simu, mstari kwa mstari, na huko chini kabisa tukaikuta Guava 20.0 imeachwa kwa sababu imegongana na 16.0.1. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa sijui miaka yote hiyo, kwamba Maven haichagui toleo jipya zaidi, inachagua lililo karibu zaidi na pom yako. Laibrari yangu ya zamani ilikuwa inaibeba 16.0.1 yenyewe moja kwa moja, ile mpya inaifikia 20.0 kwa kupitia laibrari nyingine katikati, basi ya karibu ikashinda, na MoreObjects iliingia kwenye Guava kuanzia 18. Isingeweza kuwepo.

Nikasema hii rahisi, naweka 21.0 iliyotoka Januari mwaka ule ule. Kuiwasha tena, NoSuchMethodError! Safari hii aliyelia ni ile laibrari ya zamani, inatafuta metodi ya Objects.toStringHelper na kwenye 21 walishaiondoa. Nilikaa nikitazama skrini nimechoka kweli, mmoja anataka kilichokuja baadaye, mwingine anataka kilichofutwa.

Kaka akauliza taratibu, "Hakuna toleo lenye vyote viwili?" Lipo. 18, 19 na 20 zote zina MoreObjects na ile metodi ya zamani bado imo, imewekewa tu alama ya kuachwa. Nikaandika 20.0 ndani ya dependencyManagement, sehemu ya pom ya kupanga matoleo, ili itawale mti wote bila kujali nani yuko karibu, nikabildi, nikawasha, ikasimama. Saa tisa usiku.

Nikamtumia meseji kwamba imekubali. Akajibu, "Weka komenti hapo juu yake, useme kwa nini 20, maana kuna mtu atakuja kuipandisha." Nikaiweka kabla sijalala.