Ekari 18 za Kongwa: nyasi kwanza, ng'ombe baadaye

Wanetu wanapaita ranchi. Ranchi ya kweli ipo jirani, ile ya taifa iliyo chini ya NARCO, Kampuni ya Ranchi za Taifa, yenye zaidi ya hekta 30,000. Sisi tuna hekta saba na ushee za vichaka na udongo mwekundu, kusini mwa barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, mwendo wa bodaboda kutoka njia panda ya Mbande. Mimi nimestaafu uuguzi, mwenzangu ualimu. Fungu letu la mkupuo la mafao ya kustaafu lilitoka baada ya bajeti ya 2024 kupandisha kiwango kutoka asilimia 33 hadi 40, na niseme wazi kwamba bila ile asilimia saba ya ziada tangi la maji nitakalolieleza huko chini lisingekuwepo.

Naandika kumbukumbu hizi kwa sababu wastaafu wenzetu wanauliza swali moja tu: "Mna ng'ombe wangapi?" Hakuna anayeuliza tuna nyasi kiasi gani.

Septemba 2024: karatasi

Ardhi ni ya kijiji, kwa hiyo inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Halmashauri ya kijiji haiwezi kukugawia ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Tulikaa chini ya mti, tukaulizwa tunatoka wapi, tutalima nini, tutazuia njia ya mifugo au la. Hilo la njia ndilo lililochukua muda mrefu zaidi. Tukakubali kuacha upenyo upande wa magharibi ili mifugo ya majirani ipite kwenda bondeni. Muhtasari ukaandikwa, ukasainiwa, ukagongwa muhuri. Nakala yetu imelaminishwa.

Oktoba hadi Novemba 2024: uzio

Seng'enge ni ghali, na nguzo ni ghali kuliko seng'enge. Tulizungushia ekari 6 tu: eneo la nyumba, banda na shamba la nyasi. Nguzo ni mirunda, na ncha zinazoingia ardhini tulizipaka oili chafu mara mbili, maana mchwa wa huku hawana huruma. Ekari 12 zilizobaki tumezipandia minyaa mpakani. Ni kazi rahisi: unakata kijiti, unakiacha kinyauke kidogo, unakichomeka. Vijana niliwavalisha miwani, wakanicheka. Utomvu wa mnyaa ukiingia machoni si jambo la kuchekea, nimeosha macho ya watu wengi zahanati kwa sababu hiyo.

Jirani yetu, mzee wa Kigogo aliyezaliwa hapahapa, alikuja kukagua. Baada ya "mbukwenyi" na habari za watoto akauliza, "Mama, mmefunga uzio, ng'ombe wako wapi?" Nikamwambia bado hatujapanda chakula chao. Akacheka sana. "Nyasi huwa zinapandwa na Mungu."

Desemba 2024: visiki

Mvua ilianza. Huku kuna msimu mmoja tu, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida hupata milimita 500 hadi 600. Kabla ya kufyeka chochote tulipita na rangi nyekundu tukaweka alama kwenye visiki vilivyokuwa vinachipua. Unachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine unayapogoa, na mti unarudi kwa kasi kuliko mche wowote wa kununua, kwa sababu mizizi ipo tayari chini. Mkoa wa Dodoma njia hii inajulikana kwa jina la kisiki hai, na kijijini kwetu kulikuwa na watu waliokwisha kufundishwa, wakatuonyesha bure.

Miti tunaitaka kwa ajili ya kivuli. Ng'ombe aliyesimama juani saa nane mchana hali majani, anahema tu.

Januari 2025: Cenchrus

Hapa ndipo moyo wa mradi ulipo, nisameheni nikirefusha.

Kwa malisho ya asili ya ukanda huu mkavu, ng'ombe mmoja mkubwa anahitaji kama ekari 7 hadi 10 ili ale mwaka mzima bila kuichakaza ardhi. Ekari zetu 18, ukitoa nyumba na banda, zinabeba ng'ombe wawili. Basi. Ndiyo hesabu ambayo wastaafu wengi hawaipigi: ananunua ng'ombe kumi kwa furaha ya mafao, ikifika Septemba anauza sita kwa bei ya kutupa, wamebaki mbavu.

Njia ya kuongeza uwezo wa ardhi ni kupanda nyasi na kuzihifadhi. Tulichagua Cenchrus ciliaris, ambayo kituo cha utafiti wa malisho cha TALIRI (Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania) hapa Kongwa kimeizoea kwa miaka mingi. Inavumilia ukame, mizizi yake inakwenda chini sana, na ikishashika inakaa miaka. Mbegu zake ni nyepesi na zina manyoya, upepo kidogo tu zinaruka, kwa hiyo tulizichanganya na mchanga mkavu ndipo tukazitia kwenye mifereji yenye kina kisichozidi sentimita mbili. Kilo 8 kwa ekari 4. Ukinunua, uliza zilivunwa lini: mbegu mpya huwa zimelala, zile zilizokaa ghalani miezi kadhaa huota vizuri zaidi.

Palizi mbili. Hakuna mnyama aliyeruhusiwa kukanyaga.

Machi 2025: shimo

Kisima kirefu tuliamua mapema kutochimba. Maji ya kisima kilicho karibu nasi yana chumvi ya kusikika mdomoni, na kulipia uchimbaji ili kupata maji ya aina hiyo hatukuona maana. Tukageukia paa.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la nyumba tuliyokusudia kujenga lilikuwa mita 12 kwa 9, yaani mita za mraba 108. Kwa mvua ya milimita 550, ukitoa asilimia 20 inayopotea kwa kurukaruka na kuosha bati, unabaki na lita 47,000 na zaidi. Mahitaji yetu: ng'ombe wawili lita 60 kwa siku, mbuzi kumi lita 50, nyumba lita 100. Kwa miezi saba ya kiangazi ni kama lita 44,000. Hesabu inafunga, ila kwa sharti kwamba una mahali pa kuyaweka yote. Matangi ya plastiki ya ujazo huo yangekula fedha yote, ndipo tukachimba tangi la chini la mita 4 kwa 4, kina mita 2.5, kuta za tofali na nondo, plasta yenye dawa ya kuzuia maji, mfuniko wa zege. Linachukua lita 40,000. Juu yake tumeongeza simtanki moja la lita 10,000.

Kwa nini Machi? Kwa sababu udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa saruji. Hilo Waingereza walilijua kwa gharama. Mwaka 1947 walianzisha hapa mpango mkubwa wa karanga, wakaleta matingatinga, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakawa wanang'oa vichaka kwa minyororo ya nanga za meli iliyofungwa kati ya mashine mbili. Mvua haikutosha, udongo wa mfinyanzi ulikakamaa karanga zikashindwa kuvunwa, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza karibu pauni milioni 36. Mwenzangu alifundisha historia, kwa hiyo hadithi hii nimeisikia kila sururu inapogonga chini. Lakini hoja yake ni ya kweli: chimba wakati ardhi ina unyevu.

Mei 2025: hei (nyasi kavu za akiba)

Cenchrus ilipoanza kutoa maua tuliikata. Ukisubiri ikauke yote unapata mabua matupu. Tukaianika na kuigeuza siku mbili tatu hadi ikawa inavunjika mkononi lakini bado ina rangi ya kijani.

Mashine ya kufunga marobota hatuna. Fundi seremala wa Kibaigwa alitutengenezea kasha la mbao lisilo na chini wala juu, urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45. Unatandika kamba mbili, unajaza nyasi, kijana anaingia ndani anakanyaga, unaongeza, anakanyaga tena, unafunga kamba, unanyanyua kasha. Robota moja linakaribia kilo 20. Mjukuu wetu wa miaka tisa, aliyekuja likizo ya Juni kwa treni ya SGR hadi Dodoma, aliipenda kazi ya kukanyaga kuliko simu ya mama yake.

Tulipata marobota 118. Mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa) wa kilo 250 anakula kama kilo 7 za hei kwa siku, hivyo kwa miezi saba anamaliza marobota 73 au zaidi. Wawili ni 146. Pengo lililobaki tulilijaza kwa mabua ya mtama na mahindi ya majirani baada ya mavuno, ambayo wengi huyachoma.

Juni 2025: wageni wenye kwato

Mitamba miwili ya Boran. Mbuzi kumi, sita wa kienyeji na wanne wa Malya, wale waliotokana na Kamorai, Boer na mbuzi wetu. Wana miili mizuri, ila wa kienyeji ndio wanaojua kula mti wa miiba bila kujichoma.

Bwana mifugo alikuja wiki ileile. Kampeni ya kitaifa ya chanjo ilikuwa ndiyo kwanza imezinduliwa, mitamba ikachanjwa homa ya mapafu na kuvishwa hereni za utambuzi, mbuzi wakachanjwa sotoka. Kuhusu kupe tunanyunyizia dawa kila wiki na sijadili na mtu. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haibembelezwi.

Maji wakati huo yalikuwa ya kununua, madumu kwa mkokoteni wa punda.

Julai hadi Oktoba 2025: nyumba

Vyumba viwili, sebule, jiko, choo ndani, baraza pana upande wa mashariki. Msingi tuliuinua kuliko fundi alivyotaka. Milango yote inapitisha kiti cha magurudumu na hakuna ngazi, kuna mteremko tu. Nimewahudumia wazee wa kutosha kujua kwamba nyumba ya uzeeni hujengwa kwa ajili ya magoti ya miaka ishirini ijayo. Umeme wa sola unatosha taa, simu na friji ndogo ya chanjo za kuku. Gata zilifungwa kabla ya rangi, kabla ya dari, kabla ya kila kitu. Mafundi walishangaa, wakazoea.

Novemba 2025: sasa hivi

Nyumba tumehamia. Tangi ni tupu na safi, linasubiri. Stoo ina marobota 9 na rundo la mabua. Mitamba yote miwili imeshika uzito wake, na yule mzee jirani, ambaye ng'ombe wake wametembezwa mbali kutafuta majani, alikuja juzi akasimama mlangoni mwa stoo kwa muda. Akauliza kasha lile tulilitengenezesha shilingi ngapi. Nimemwazima alipime kwa fundi wake.

Mwenzangu ameanza habari ya mtamba wa tatu. Nimempa kalamu na daftari. Tumekubaliana kuongeza ekari 2 za Cenchrus mvua ikikolea Januari, kuziba njia ya maji iliyoanza kula udongo karibu na upenyo wa magharibi kwa matuta ya fanya juu (unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu), na Mei tuhesabu marobota. Yakifika 220, atakwenda mnadani. Yasipofika, hatakwenda.